Ngoja Maji Yajae

Somo la kwanza la kayaki Lamu hufundishwa ukiwa umekaa mchangani, hufanyi kitu. Umeamka gizani, umejipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka nyuma ya masikio, umevaa jaketi la kuokolea maisha, na umeshika kafi kama askari aliyekabidhiwa bunduki jana. Kayaki ipo, imelala juu ya mchanga wa Shela, hatua kumi kutoka majini. Mwongozaji naye yupo, amesimama, mikono kiunoni, anachora kitu mchangani kwa kidole gumba cha mguu.

Nikamuuliza tunasubiri nini.

"Maji, dada."

Nikatazama mbele. Bahari yote ile ilikuwa imetulia, inangoja watu kama sisi. "Na haya?"

"Haya ni ya hapa. Ya Takwa hayajafika."

Nilikuwa nimetoka Nairobi na haraka zangu zote. Nimelipia kupiga kafi, na nusu saa ya kwanza naimaliza nikipiga soga! Kumbe safari ilikuwa imeshaanza, mimi tu ndiye sikujua.

Kama unapanga kwenda kwa mara ya kwanza, nitakwambia utarajie nini: mwili, upepo, jua, mikoko. Lakini Lamu huwezi kumweleza mtu habari za maji ukaacha historia, kwa sababu hapa maji yamewahi kuamua nani atatawala na nani atazikwa.

Tuanze na maji yenyewe. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na majira yake hukawia kama dakika 50 kila siku. Ukiambiwa leo yanajaa saa mbili asubuhi, kesho njoo karibu saa tatu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa hufika karibu mita 3, kama kutoka sakafuni hadi darini. Katikati ya hapo kuna maji mafu, siku ambazo bahari husogea kivivu.

Mwongozaji wako ana programu ya simu ya kumwonyesha haya yote, lakini haitegemei. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, na bahari inafuata mwezi, kwa hivyo mtu aliyekulia Lamu akijua leo ni mwezi ngapi, ameshajua maji yakoje. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, au siku moja mbili baadaye, ni bamvua. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, maji mafu. Siku yetu sisi ilikuwa mwezi sita. Maji yangejaa kabisa kama saa mbili na nusu.

Tena hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yananyemelea. Saa ya tatu na ya nne ndizo nzito. Katika hizo mbili peke yake hupita nusu ya maji yote. Sasa fikiria: mtu anayeanza kupiga kafi kwenye maji tulivu huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Mahali pembamba, mkondo unaweza kwenda kasi hiyo hiyo. Ukiukabili uso kwa uso, utatoka jasho dakika kumi ukitazama mti ule ule, hata kama jimu unaenda kila Jumamosi. Ukiungoja ugeuke, utakubeba mpaka unakoenda huku wewe unarekebisha mwelekeo tu. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiipiga yule bwana kwa kidole cha mguu.

Saa kumi na mbili na nusu akasema, "Haya, twendeni."

Kitu cha kwanza utakachohisi ni kwamba umekaa chini sana. Kwenye mashua unaitazama bahari. Kwenye kayaki umo ndani yake, maji yako usawa wa kiuno. Chombo kitatikisika. Ukikaza mwili kitatikisika zaidi. Legeza kiuno, mgongo wima, visigino vikanyage vizuri. Usilikamate kafi kama mpini wa shoka, maana malengelenge yatakutoka kabla ya saa nne. Nguvu itoke kwenye kiwiliwili kinachozunguka, mikono ifuate. Na ukipinduka, jaketi litakuelea. Kayaki za wageni wengi hapa ni zile za kukalia juu, hazikufungi miguu. Unaigeuza, unajitupa tumbo juu yake, unakaa tena, na wenzako wanacheka. Mimi nilipinduka mara moja, tena ufuoni, mbele ya punda wawili waliobeba mchanga.

Kayaki si chombo cha pwani hii. Asili yake ni kwa Wainuit wa kaskazini ya mbali, Greenland na Kanada, waliounda kiunzi cha miti iliyoletwa na mawimbi, wakakivika ngozi ya sili iliyoshonwa na wanawake kwa ustadi kiasi kwamba maji hayapenyi. Kilikuwa chombo cha kuwindia. Leo tunayo ya plastiki, rangi ya chungwa, na tunaitumia kupigia selfi.

Lakini chombo kilichoshonwa hakikuwa kigeni Lamu. Mtepe, jahazi lililokuwa fahari ya visiwa hivi, mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, bila msumari, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Chombo cha namna hiyo kikigonga mwamba hunepa kidogo kabla ya kuvunjika. Mwaka 1941 mtafiti James Hornell alichapisha makala kuhusu mitepe na madau ya Lamu, na kufikia wakati huo ilikuwa kama anaandika tanzia. Mitepe ilikuwa imekwisha karibu yote. Kwa hivyo Muinuit kwenye barafu na fundi wa visiwa vya Wabajuni, watu ambao hawakuwahi kusikiana, walifikia wazo moja: shona chombo chako, kiwe na mwili unaokubali maji yasemavyo.

Na kupiga kafi katika njia hizi ni jambo la zamani kuliko tunavyodhani. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi unaojulikana kama Periplus. Anataja visiwa vya Pyralaoi na mahali palipoitwa Mfereji, na wataalamu kadhaa wanaona kwamba alikuwa anazungumzia visiwa vya Lamu na njia za maji zilizo nyuma yake. Kusini zaidi, anasema, kulikuwa na kisiwa ambacho watu wake walikuwa na mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, wakivulia samaki na kukamatia kasa. Ukiuona mtumbwi wa mvuvi ukipita kando ya kayaki yako, basi mpishe. Yeye ndiye mwenyeji wa njia hiyo, nawe umekuja wikendi.

Kabla hatujakata kuelekea Manda, mwongozaji alitusimamisha katikati ya mlango, akageuza kayaki yake ikatazama ufuo tulikotoka. Kutoka majini Shela inaonekana vizuri: nyumba nyeupe, mnara wa msikiti, halafu vilima vya mchanga vinavyoendelea mpaka macho yanachoka. Watu hupigia picha hapo. Sisi tuliambiwa habari ya vita.

Wanahistoria hutofautiana kuhusu mwaka: ni kati ya 1812 na 1814. Wakati huo Pate ulikuwa mji mkubwa unaodai haki juu ya Lamu, na ulikuwa umeungana na Wamazrui waliotawala Mombasa. Waamu hawakukubali. Maneno yalitangulia silaha, maana hii ni pwani ya washairi. Zahidi Mgumi alitunga upande wa Lamu na Muyaka bin Haji upande wa Mombasa. Kisha yakaja majahazi. Jeshi la Pate na Mombasa likashuka Shela, kwenye mchanga huu huu, likapanda kuelekea mjini. Waamu wakalikabili na kulirudisha nyuma.

Jeshi linalorudi nyuma likiwa na vyombo vyake majini bado lina njia. Lakini wakati watu wanapigana, maji yalikuwa yanakupwa. Wale askari walipofika ufuoni wakayakuta majahazi yao yamekaa juu ya mchanga, yameinama ubavu kama ng'ombe waliochoka. Hayasukumiki. Mahali pale pale walipokimbilia kuokoka ndipo wengi walipouawa. Inasimuliwa Shela kwamba kwa miaka mingi upepo uliendelea kufukua mifupa kwenye vile vilima.

Fikiria kidogo. Pate hawakuwa watu wa bara. Walikuwa mabaharia, nao waliijua bamvua kama Waamu walivyoijua. Kosa lao, nionavyo mimi, ni lile ambalo kila anayeanza hulifanya: walihesabu kuja, hawakuhesabu kurudi.

Matokeo yake hayakuishia Shela. Waamu, wakihofia kwamba adui atarudi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman. Akaleta liwali na askari, na ngome iliyo katikati ya mji, ile tunayokaa nje yake tukinywa juisi ya maembe, ikamalizika karibu mwaka 1821. Kutoka hapo mkono wa Oman ukaenea. Mwaka 1837 Wamazrui wakaangushwa Mombasa, na muda mfupi baadaye Seyyid Said akafanya Unguja makao yake makuu. Sisemi kwamba haya yote yaliletwa na maji kupwa asubuhi au jioni moja. Lakini ukiwa umekaa kwenye kayaki, unahisi mkondo unavyovuta chini ya matako yako, ni vigumu kuisoma sura hiyo ya historia bila kuyaona maji ndani yake.

Tukavuka. Hapo katikati ndipo utakapokutana na upepo, kwa hivyo chagua majira yako. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na miezi ya Juni hadi Agosti kusi huwa kali. Nje ya mlango, upande wa bahari kuu, mawimbi yake si ya mtu anayeanza. Mwongozaji mzuri atakuweka ndani ya visiwa, na atakutoa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Akikataa kukupeleka, usibishane naye kwa sababu umeshalipa.

Upande wa Manda kuna kijito kinachoingia ndani ya kisiwa, karibu kukikata vipande viwili. Ukiingia humo kelele zote zinakatika. Injini za maboti, adhana ya mbali, punda, kwisha. Unasikia kafi lako na kaa wanaotatarika kwenye matope. Mwanzoni mikoko yote itakuwa miti tu. Kisha utafundishwa: ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui ni mkoko wenyewe, ule wenye vijiti vinavyochomoza matopeni kama penseli ni mchu, ule unaosimama mbele kabisa, miguu majini, ni mlilana. Usiishike mizizi hovyo. Chaza wameng'ang'ania pale, na magamba yao yanakata kuliko wembe. Vaa viatu vinavyofunga.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na msitu huu si pori lisilo na historia. Umefanyiwa kazi kwa mamia ya miaka. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalirudi na kusi yakiwa yamepakia boriti za kuezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Hata nyumba za mawe za Lamu zilipimwa na msitu huu: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyoweza kubeba dari, na ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, upana wake chini kidogo ya mita 3. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Ukataji wa matumizi ya ndani uliendelea kwa vibali, lakini jahazi la boriti lenye safari ya Ghuba likawa hadithi. Waliokata boriti walijua kila kijito, kinajaa lini na kinakutoa lini, kwa sababu mashua iliyopakia mzigo ikikwama kwenye matope hulala hapo mpaka maji mengine.

Takwa iko mwisho wa kijito. Unashuka, unapita kati ya miti, halafu ukuta. Mji huu ulistawi katika karne ya 15 hadi ya 17: nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti mkuu wenye nguzo juu ya kibla, ukuta wa kuuzunguka, na upande wa pili, nyuma ya vilima vya mchanga, bahari kuu. James Kirkman aliufukua mwaka 1951. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo, maandishi yake yakiwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1680, na Waamu wa Shela wamekuwa wakivuka kuja kulizuru na kuomba mvua, kwa sababu inaaminika Takwa ilipohamwa, watu wake walivuka wakaanzisha maisha Shela.

Kwa nini walihama? Wengine husema visima viligeuka chumvi, wengine husema ugomvi na Pate. Mimi nilichoona ni namna walivyochagua mahali. Adui mwenye jahazi kubwa asingeweza kuingia kwa kijito ila kwa saa chache za maji kujaa, tena akijua njia. Bahari iliwafungulia na kuwafungia mlango mara mbili kwa siku. Ni mji uliojengwa na watu waliojua kungoja.

Nilitaka kukaa zaidi. Kulikuwa na mbuyu, mwanga ulikuwa mzuri, na simu ilikuwa bado na chaji. Lakini saa tatu na robo mwongozaji akaja, akanionyesha mizizi ya mkoko pale tulipofunga kayaki. Palikuwa na mstari mbichi, mpana kama kiganja, juu ya maji.

"Yameanza kutoka."

"Dakika kumi tu."

"Dada, waliosema dakika kumi wamezikwa kule," akasema, akaelekeza kidevu upande wa Shela, halafu akacheka.

Njiani kurudi mkondo ulitubeba, kwa hivyo tulipata nafasi ya kuongea. Babake alikuwa mvuvi wa Ghuba ya Manda, upande wa kaskazini, ambako sasa kuna bandari mpya ya Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kabla ya hapo bahari ilichimbwa ili meli kubwa ziweze kuingia, na maji yakachafuka tope mahali ambapo watu walikuwa wakitega. Wakaazi walikuwa wameshafika mahakamani tangu 2012. Mnamo Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za mazingira safi na za utamaduni zilikuwa zimekiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Watu wengi waliisoma hukumu hiyo kama habari ya pesa. Mimi kilichonigusa ni lile neno utamaduni. Mvuvi wa Lamu hana hati ya shamba baharini. Anachomiliki ni kujua: mwezi ngapi, mlango gani, mkondo unageukia wapi, samaki yuko wapi maji yakiwa nusu. Ukichimba sakafu ya bahari umeibadilisha ramani ambayo haikuwahi kuandikwa popote ila vichwani mwao, na mtoto wa mvuvi atarithi ramani ya mahali ambapo hapapo tena.

Nikamuuliza kama anaona uchungu kuongoza wageni badala ya kuvua. Akafikiri kidogo, kafi limelala mapajani. Akasema hii nayo ni kazi ya maji, na angalau haisahaulishi. Kila siku lazima ajue mwezi ngapi. Mdogo wake yuko Mombasa kwenye kazi ya ofisi, na akija likizo humuuliza yeye maji yanajaa saa ngapi, kama mgeni.

Kwa hivyo ukienda, beba lita mbili za maji ya kunywa, kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na leso ya kujifunga utakapopita mjini, maana Lamu ni mji wa heshima zake. Mikono itauma siku mbili. Lipa vizuri. Na kabla ya kupanda kayaki, uliza leo ni mwezi ngapi. Utaona uso wa mwongozaji ukibadilika.

Tulifika Shela saa nne na nusu. Bahari ilikuwa kimo kile kile tulichoiachia, saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baada, ila sasa ilikuwa inaondoka. Ile michoro ya mchangani ilikuwa imefutika. Nikajaribu kuichora upya kwa kidole cha mguu: mlango, kijito, pale pa kusubiri, pale pa kugeukia. Alinisahihisha mara mbili.